Programu iko Ujerumani, kioo kiko Mwanza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Mwanza, natumia picha za setilaiti kuchora jinsi magugumaji yanavyoenea Ziwa Victoria. Laptopu yangu ya Windows imezidiwa, kwa hiyo msimamizi wangu wa utafiti amenipatia akaunti kwenye kompyuta ya Linux ya chuo kimoja cha Ujerumani tunachoshirikiana nacho. Naingia kwa PuTTY, ile programu ya kufikia kompyuta ya mbali, bila shida, lakini nikiandika qgis ili nifungue QGIS, programu ya kuchora ramani, najibiwa could not connect to display. Mwenzangu kaniambia niandike export DISPLAY=:0, ikikataa niandike xhost +. Mwezi uliopita rafiki mwingine alinifungulia kwenye laptopu yake, ikakubali, ila ilikuwa nzito kupita kiasi, halafu umeme ukakatika, ruta ikazima, nikapoteza michoro ya mchana mzima. Nifanyeje?"

Marahaba, binti yangu. Hayo mawili uliyoambiwa yaache yote. La kwanza halitakusaidia na la pili linaweza kukudhuru. Nitakueleza kwa nini, maana ukishaelewa kinachotokea hapo katikati hutahitaji tena kubahatisha amri za kuazima.

Mfumo ambao kwa miaka mingi umechora madirisha kwenye Linux unaitwa X. Ulianza mwaka 1984 kwenye chuo cha MIT kule Marekani, ndani ya mradi wa Athena, mikononi mwa Bob Scheifler na Jim Gettys. Toleo la 11 lilitoka 1987, na msingi wake ndio tunaoutumia mpaka leo. Chuo kile kilikuwa na kompyuta za kila aina, zimetapakaa kwenye majengo mengi, na nia ilikuwa mwanafunzi akae mbele ya yoyote aliyoikuta wazi, atumie programu inayoendeshwa kwenye nyingine. Kwa hiyo tangu mwanzo X haikuwahi kudhani kwamba programu na kioo viko kwenye mashine moja. Unachotaka kukifanya wewe leo, QGIS ikiwa Ujerumani na macho yako yakiwa Mwanza, ndicho hasa X ilichotengenezewa.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tumezoea kusema seva ni ile mashine kubwa ya mbali. Kwenye X ni kinyume: seva ni laptopu yako, kwa sababu ndiyo inayotoa huduma ya kioo, kibodi na mausi. QGIS ndiyo mteja. Ni mgeni anayefika mlangoni, anabisha hodi, anaomba: nipe dirisha la ukubwa huu, nichoree menyu hapa, nijulishe huyu binti akibofya. Mwenye nyumba akiitikia karibu, dirisha linafunguka. Windows yenyewe haielewi lugha ya X, kwa hiyo QGIS imebisha na hakuna aliyeitikia. Ule ujumbe uliouona hausemi kitu kingine zaidi ya hicho.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumweka mwenye nyumba. Sakinisha VcXsrv, seva ya X ya Windows, kwenye laptopu yako. Ni ya bure. Ifungue kupitia XLaunch, chagua Multiple windows, namba ya kioo weka 0, kisha Start no client. Ukurasa wa mwisho una kisanduku kilichoandikwa Disable access control. Usikitie tiki, hata kama maelezo utakayoyakuta kwingine yanakuhimiza. Nitakirudia baadaye.

Ukimaliza, fungua PuTTY kabla hujaingia. Upande wa kushoto fuata Connection, SSH, X11, utie tiki kwenye Enable X11 forwarding, na pale kwenye X display location andika localhost:0. Rudi kwenye Session, ubonyeze Save. Watu husahau hiyo Save, kesho yake wanakuja kulalamika kwamba jana ilikubali.

Ingia sasa kwenye kompyuta ya Ujerumani, na kabla hujagusa QGIS andika:

echo $DISPLAY

Mambo yakiwa sawa utajibiwa localhost:10.0. Tusome jibu hilo pamoja, maana siri yote imo humo. Neno localhost linamaanisha mashine ileile ambamo QGIS imo, yaani kule kule Ujerumani. Hiyo 10 ni namba ya kioo, na 0 ya mwisho ni skrini ya kwanza ya kioo hicho. Lakini ukienda kwenye chumba chao cha kompyuta hutakuta kioo namba 10. Aliyekaa kwenye nafasi hiyo ni SSH, ile njia ya fiche ambayo PuTTY huitumia kuingia kwenye mashine ya mbali, kama handaki. Anasikiliza kwenye poti 6010 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba), kwa sababu poti za X huanzia 6000 na unajumlisha namba ya kioo. Kila QGIS inachosema pale, SSH anakipokea, anakifunga kwa fiche, anakipitisha kwenye handaki lilelile la PuTTY mpaka kwa VcXsrv yako. QGIS inadhani inaongea na kioo kilicho jirani. SSH huanza kuhesabu kwenye 10 makusudi, asije akagongana na vioo vya kweli vya mashine hiyo, ambavyo huanzia 0.

Bila shaka sasa umeona kosa la ule ushauri wa kwanza. Ukiandika export DISPLAY=:0 unafuta anwani sahihi ambayo SSH amekuandikia, unaielekeza QGIS kwenye kioo cha kweli cha mashine ya Ujerumani. Kama mashine hiyo haina kioo, utapata ujumbe uleule. Kama inacho na kuna mtu amekikalia, QGIS yako imekwenda kubisha hodi kwa mtu baki. Ukiwa ndani ya handaki la SSH, DISPLAY haiandikwi kwa mkono. Na kama uliwahi kuiweka kwenye .bashrc, faili la amri zinazojiendesha kila unapoingia, nenda ukaifute.

Ukiona localhost:10.0, usikimbilie QGIS. Andika xclock au xeyes kwanza. Ni programu ndogo mno, saa ya ukutani na macho mawili yanayofuata mausi. Ikifunguka, njia iko wazi, na shida yoyote itakayobaki ni ya QGIS yenyewe.

Echo ikikurudishia mstari mtupu, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya ukingo wa dirisha la PuTTY, uchague Event Log. Humo kuna mstari unaosema X11 forwarding enabled au X11 forwarding refused. Ikiwa ni refused, tatizo liko kwao: ama kwenye faili la sshd_config wameandika X11Forwarding no, ama hawajasakinisha programu ndogo iitwayo xauth. Yote mawili ni ya mtu anayesimamia mashine, wewe huna ruhusa ya kuyagusa.

Kuna sababu moja zaidi ambayo hukamata hasa watu wa picha za setilaiti. DISPLAY inaonekana vizuri, lakini kila dirisha linakataliwa. Kila unapoingia, xauth huandika neno la siri la muda, wao huliita kuki, ndani ya faili la .Xauthority kwenye folda lako. Mgeni hakubaliwi bila neno hilo. Ukiwa umejaza nafasi uliyopewa, faili haliandikiki, na mgeni anafika mlangoni mikono mitupu. Nimeshuhudia mwanafunzi akihangaika wiki nzima na mipangilio ya mtandao, kumbe picha zake zimemaliza diski. Andika quota au df -h ~ uangalie.

Tuje kwenye xhost +, na hapa naomba unisikilize kama mzazi. Amri hiyo inamwambia mwenye nyumba aache kuuliza neno la siri na amkaribishe yeyote atakayebisha. Kile kisanduku cha Disable access control kinafanya jambo hilohilo kwa jina lingine. Hatari inatokana na kwamba X huwaamini wageni wote kwa usawa. Mgeni akishaingia anaweza kupiga picha kioo chako chote, na anaweza kusoma kila herufi unayobonyeza kwenye kibodi, hata unayoiandika kwenye dirisha la programu nyingine. Nilipokuwa najifunza kazi hii, maabara tuliyokuwa tukitumia ilikuwa na mtu aliyeweka xhost + ijiendeshe kwenye kila mashine kila asubuhi, ili "isisumbue". Siku moja mwenzangu aliyekaa meza ya pili aliniita nikaone. Alikuwa ameandika xwd -root, akataja jina la mashine yangu, na kwenye kioo chake ilikuwepo picha ya kioo changu, barua niliyokuwa nikimwandikia mama yangu ikisomeka neno kwa neno. Alikuwa mtu mwema na alitaka kunionya. Angekuwa mwingine nisingejua mpaka leo.

SSH yenyewe ilizaliwa na maumivu ya namna hiyo. Tatu Ylönen aliitengeneza mwaka 1995 nchini Ufini, baada ya mtu kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo chake. Unayo, itumie. Kumbuka pia kwamba handaki lina pande mbili: anayeitawala mashine ya mbali akitaka anaweza kulitumia kufikia kioo chako. Kwa hiyo washa X11 forwarding kwa mashine unayoiamini tu, usiiache imewashwa kwa kila mahali unapoingia.

Ukifuata hayo, QGIS itafunguka. Na itakuwa nzito, kama ilivyokuwa kwa rafiki yako. Hili halitibiwi kwa kununua bando kubwa zaidi.

Mwaka 2008, kabla ya mikongo ya baharini kufika pwani yetu, nilikuwa na ofisi iliyotegemea dishi la setilaiti. Tulifungua programu ya ramani iliyokuwa Ulaya, tukakaa tunaangalia menyu zikijichora moja moja: kwanza kisanduku cheupe, halafu mpaka wake, halafu maneno. Mkuu wa ofisi alilipia kasi maradufu. Hakuna kilichobadilika, na fedha ilikuwa nyingi. Setilaiti ile ilikuwa angani umbali wa karibu kilomita 36,000. Swali lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, jumla kilomita 144,000, ambazo hata mwanga unahitaji karibu nusu sekunde kuzimaliza. Na programu za X ni waulizaji wakubwa: inauliza, inasubiri jibu, ndipo inauliza jingine. Bomba ukilipanua maji yatapita mengi zaidi kwa mara moja, lakini safari haifupiki.

Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata, safari ilifupika kweli. Lakini haikuisha. Piga ping, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, kwenye mashine yako ya Ujerumani uone. Tuseme inakupa milisekunde 200. Programu inayouliza na kusubiri mara 200 wakati wa kufunguka itakula sekunde 40 kabla hujaona kitu, hata ukiwa na intaneti ya kasi kuliko zote Mwanza. Ndani ya chuo, ambako safari ni chini ya milisekunde moja, maswali hayohayo 200 yanaisha kabla hujapepesa jicho.

Juu ya hapo, X ya zamani ilituma maagizo mafupi, chora mstari kutoka hapa mpaka pale, andika neno hili. Programu za siku hizi, QGIS ikiwemo, hujichorea zenyewe kumbukumbuni kisha husukuma picha nzima. Dirisha la pikseli 1280 kwa 720, baiti 4 kwa kila pikseli, ni karibu megabaiti 3.7. Kwenye intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde hiyo ni kama sekunde 15, na wewe umeisogeza ramani kidogo tu. PuTTY ina kisanduku cha Enable compression chini ya SSH. Kiwashe, kitapunguza uzito wa picha. Safari za kwenda na kurudi hakizigusi.

Na ule umeme. Dirisha la X linaishi kwa uzi wa muunganisho. Uzi ukikatika, QGIS kule Ujerumani inagundua imepoteza kioo na inajifunga hapohapo, bila kukuuliza kama ungependa kuhifadhi. Mapoligoni, yaani maumbo unayochora kuzunguka magugu, hukaa kwenye kumbukumbu mpaka ubonyeze Save Layer Edits. Hayo ndiyo yaliyokupotea, na nakupa pole kweli, najua mchana mzima wa kuchora ukingo wa magugu unavyochosha macho. Kwa nchi ambayo umeme na mtandao hukatika, kwangu mimi hii, kuliko hata uzito, ndiyo sababu kubwa ya kutofanya kazi ya siku nzima kwa X tupu kutoka ng'ambo.

Kinachofaa umbali huo ni kumwacha mwenye nyumba akae hukohuko Ujerumani, karibu na mgeni wake, waulizane maswali yao mia mbili ndani ya chumba kimoja, halafu wewe uletewe matokeo tu, yakiwa yamebanwa. Programu iitwayo X2Go inafanya hivyo. Inapita ndani ya SSH ileile, haihitaji poti nyingine, na ukikatika kazi yako haifi: kikao kinalala kule kikiwa na QGIS wazi, na umeme ukirudi unaingia tena unakikuta ulivyokiacha, hata kama sasa umekaa kwenye kompyuta nyingine. Kwenye mipangilio yake, pale pa kuchagua meza (mpangilio wa madirisha na menyu), chagua XFCE au MATE. GNOME ya sasa haielewani nayo vizuri.

Wakikwambia hawana X2Go ila wana VNC, njia nyingine ya kuona kioo cha mbali, kubali. Hiyo ilitoka kwenye maabara ya Olivetti kule Cambridge, Uingereza, na inatuma picha ya meza nzima kutoka kwenye mashine inayoendelea kufanya kazi iwe umeunganishwa au hujaunganishwa. Ila usiiunganishe moja kwa moja kwenye intaneti. Nywila ya VNC ya kawaida hutazama herufi 8 za kwanza tu, zinazobaki ni pambo. Washa kule vncserver :1 -localhost, kisha kwenye PuTTY, chini ya Tunnels, weka poti 5901 na mwisho wake localhost:5901. Programu ya VNC kwenye laptopu yako utaielekeza localhost:5901, na kila kitu kitapita ndani ya SSH.

Lakini kabla hujasakinisha chochote, niulize kitu kuhusu kazi yako yenyewe: ni sehemu gani hasa inayohitaji dirisha? Kigae kimoja cha picha za setilaiti za Sentinel-2, kwenye bendi ambazo pikseli moja ni mita 10, kina pikseli 10,980 kwa 10,980, zaidi ya milioni 120, na hapo ndipo laptopu yako inapozidiwa. Kuchambua vigae hivyo ni kazi ya amri na hati za Python; haihitaji kioo hata kidogo. Iendeshe kule ndani ya tmux, programu inayoshikilia amri zako ili ziendelee hata PuTTY ikifungwa. (Dirisha la X tmux hailiokoi, inaokoa amri tu.) Kuchora kwa mkono ndiko kunakohitaji macho, na huchori ziwa zima kwa mpigo, unachora ghuba moja baada ya nyingine. Kipande cha kilomita 10 kwa 10 kwa mita 10 ni pikseli 1,000 kwa 1,000. Hicho laptopu yako inakibeba bila kutoa jasho. Kikate kule kwa amri ya kukata picha, gdal_translate -projwin, kishushe kwa pscp, programu ya kuhamisha mafaili iliyokuja na PuTTY, kichore hapohapo Mwanza ukiwa na QGIS yako mwenyewe, umeme ukatike usikatike, kisha urudishe faili la mapoligoni, ambalo ni dogo. Ukitaka kuona kigae kizima kwa jicho la jumla, gdal_translate -outsize 10% 10% itakupa picha ya pikseli 1,098 kila upande. Ya kuangalia tu, usichoree juu yake.

Kama ningekuwa kwenye kiti chako, ningefanya hivi: uchambuzi mzito kule kwa amri, kuchora hapa kwa vipande, na X2Go kwa siku zile ambazo lazima uione ramani nzima katika ubora wake kamili. VcXsrv na handaki la X ningeviacha kwa xclock, kwa kuchungulia grafu moja, na kwa siku utakapokuwa umekaa ndani ya mtandao wa chuo hicho.

Barua kwa msimamizi wa mashine iandike leo, iwe fupi. Mwombe mambo matatu: kifurushi cha x2goserver, meza ya XFCE, na athibitishe kwamba xauth ipo na X11Forwarding imewashwa. Mweleze kwamba unafanya kazi kwa umbali wa milisekunde kadhaa, utaje namba uliyoipata kwa ping, na kwamba umeme hukatika. Ukimpa namba hiyo ataelewa mara moja kwa nini unaomba X2Go. Asipokuwa na nafasi ya kuisakinisha, muulize kama vncserver ipo, kwa sababu mara nyingi ipo tayari na hakuna aliyekwambia. Nawe kwenye QGIS yako zoea kubonyeza Save Layer Edits kila unapofunga poligoni, hata umeme ukiwa unawaka vizuri.